Chumba cha Mgeni na Amana ya Mwenye Nyumba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake.



Wiki iliyopita, baada ya sala ya Isha, watu walipokwisha kutawanyika, alitujia barazani ndugu mmoja katika majamaa wa msikiti wetu hapa Kipini. Ndugu huyu ana nyumba ya wageni ya vyumba vinane, aliyoijenga kwa jasho lake na kwa deni la mabati na saruji ambalo hadi leo hajalimaliza. Alikaa kitambo akizichezea tasbihi zake, kisha akasema, "Shekhe, nina neno la kukuuliza, lakini naona haya kulitamka." Tukamwambia, "Sema, ndugu yangu. Haya ni katika imani, lakini haimzuii mtu kuuliza jambo la dini yake."

Akatueleza kwamba alimwita fundi amtilie runinga vyumbani. Fundi akamshauri kuwa mashine moja ikiwekwa mapokezi, na waya ukapitishwa hadi kila chumba, mchana wageni wataona habari na mpira, na baada ya saa nne za usiku mgeni atakayeongeza shilingi mia mbili atafunguliwa filamu alizoziita "za watu wazima". Fundi akamhakikishia kwamba madereva na watu wa safari huziuliza, na kwamba deni lake litalipika upesi. "Mimi sitazami, Shekhe," akasema ndugu yetu. "Anayetazama ni mgeni, ni mtu mzima, na mlango wake umefungwa. Je, yanipata mimi?"

Hatukumjibu usiku ule. Tulimwomba atupe siku chache tulitazame jambo lake, naye akaturuhusu tuliandike hapa bila kumtaja, kwa kuwa si yeye peke yake aliye na swali hili. Tangu barabara ya kutoka Garsen kwenda Witu na Lamu itiwe lami, wapitao kwetu wameongezeka. Wako wachuuzi wa samaki na maembe, watumishi wa serikali, watu wa mashirika, madereva wa malori, na watalii wachache waupendao mto wetu wa Tana pale uingiapo baharini. Wote wanataka mahali pa kulala. Wazee wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Basi yatupasa kujiuliza ni ugeni wa namna gani umponyao mwenyeji, na ni upi umwachao mgonjwa kuliko alivyokuwa.

Kwanza, wasomaji wajue kwamba swali la ndugu yetu si geni duniani. Huko Marekani, kwa miaka mingi, mahoteli makubwa yalikuwa na filamu za kulipia chumbani, na katika hizo zikiwemo za uchi na zinaa. Mgeni alibonyeza rimoti, na fedha zikaandikwa katika hesabu yake. Yafaa tuzingatie jambo moja katika mpango ule: jina la filamu halikuandikwa katika karatasi ya malipo. Mgeni aliandikiwa tu kuwa ametazama filamu. Karatasi hiyo huonyesha chai iliyonywewa na nguo iliyofuliwa, lakini hapo ililificha jina la kilichouzwa. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa dhambi ni lile linalokukwaruza moyoni na ukachukia watu walijue. Hao hawakuwa Waislamu, na hakuna aliyewasomea hadithi hiyo, lakini kalamu yao wenyewe iliona haya.

Kisha wakaanza kujiondoa, mmoja baada ya mmoja. Mahoteli ya Omni yaliacha mwaka 1999, yakakubali kuyakosa mapato hayo. Kampuni ya Marriott ilitangaza mwezi wa Januari 2011 kuwa katika hoteli zake mpya filamu hizo hazitawekwa. Mwaka 2013, tajiri wa Norway aitwaye Petter Stordalen aliziondoa katika mahoteli yake ya Nordic Choice, ambayo wakati huo yalikuwa 171 katika nchi za kaskazini ya Ulaya. Alisema kilichomsukuma ni kazi aliyoifanya pamoja na UNICEF kuwasaidia watoto wanaouzwa na kutumiwa kwa uchafu. Mwezi wa Agosti 2015, Hilton nayo ikatangaza kuziondoa katika mahoteli yake yote ulimwenguni.

Katikati ya miaka hiyo kuna tukio ambalo Mwislamu wa pwani hafai kulikosa. Mwezi wa Julai 2012, watu wawili waliwaandikia barua wakuu wa makampuni ya mahoteli. Mmoja ni Profesa Robert George wa Chuo Kikuu cha Princeton, Mkristo Mkatoliki. Wa pili ni Sheikh Hamza Yusuf wa Chuo cha Zaytuna, California. Mkristo na Mwislamu waliketi pamoja wakaandika kwa sauti moja. Hawakutisha kwa mahakama, wala kwa maandamano, wala kwa kuwaambia watu wasusie vyumba. Waliwasemesha wale wakuu kama watu wenye dhamiri, wakawaomba wamfikirie mwanamke anayeonyeshwa katika picha hizo kana kwamba ni binti yao wa kumzaa.

Haki yataka tuseme kwamba si wote walioacha kwa kumcha Mungu. Intaneti ilikuwa imekwisha kuwanyang'anya soko. Mgeni alikuja na kompyuta yake na simu yake, wala hakuwa na haja tena ya kulipia. LodgeNet, kampuni kubwa iliyokuwa ikipeleka filamu vyumbani, iliingia katika mahakama ya ufilisi mwezi wa Januari 2013. Basi wako walioacha kwa sababu ya dhamiri, na wako walioacha kwa sababu biashara ilikufa, na Allah ndiye ajuaye nia za waja wake. Twalitaja hili ili ndugu yetu ajue kwamba fundi anamuuzia bidhaa ambayo hata wenye nayo walikwisha kuitupa.

Ama sisi Waislamu, hatukungoja makampuni ya Marekani yatuamulie. Jambo hili limo katika Qur'ani, na limepangwa kwa mpango wa ajabu. Tufungue Surat Nur, kuanzia aya ya 27. Hapo Mola wetu anatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tubishe hodi, tutoe salamu, na tupewe ruhusa. Na tukiambiwa turudi, turudi. Katika aya ya 29 anatuondolea lawama kuingia nyumba zisizokaliwa na wenyewe, ambazo ndani yake tuna manufaa. Nyumba gani hizo? Baadhi ya wafasiri, na miongoni mwao Mujahid na Qatada, wamesema kuwa ni nyumba zilizojengwa njiani kwa ajili ya wasafiri, mahali pa kupumzika na kuweka mizigo. Kwa lugha ya leo, ndizo lojingi na mahoteli yetu.

Sasa tazameni kinachofuata. Mara tu baada ya nyumba hizo za wasafiri, katika aya ya 30, wanaume waumini wanaamrishwa wainamishe macho yao na wahifadhi tupu zao. Wanaume ndio waliotangulizwa. Wanawake wakafuata katika aya ya 31. Aya ya 32 ikaamrisha wasio na wenza waozwe, hata wakiwa mafakiri. Na aya ya 33 ikakataza wajakazi wasilazimishwe uzinzi kwa kutaka chumo la dunia. Wanavyuoni hueleza kuwa aya hiyo yamhusu Abdullah bin Ubayy, mkubwa wa wanafiki wa Madina, aliyekuwa na wajakazi akiwatuma ili wamletee mali.

Ziangalieni aya hizi saba kwa pamoja: mlango na ruhusa, nyumba ya msafiri, jicho la mwanamume, stara ya mwanamke, ndoa, na mwisho wake fedha za mwenye kumtumia mtoto wa mtu. Swali la ndugu yetu wa vyumba vinane lote limo humo. Naye aliuliza kuhusu mgeni tu, ilhali aya hazikuishia kwa mgeni. Zimeendelea mpaka kwa mwenye kupokea fedha.

Hapa twataka kusimama kidogo, kwa sababu tuna deni letu wenyewe katika mlango huu.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipanda mimbari siku ya Ijumaa tukazisema nyumba za wageni kwa ukali. Hatukutaja jina, lakini tulisema kwa namna ambayo kila aliyekaa msikitini alijua ni nyumba gani tuliyoikusudia. Tulitoka tumeridhika na nafsi zetu. Usiku wa pili yake, vijana wachache wenye hamasa walikwenda kugonga mlango wa chumba katika nyumba ile, wakawataka mwanamume na mwanamke waliokuwamo waonyeshe cheti cha ndoa. Watu wale walikuwa mume na mke, wametoka Hola, wamekuja kumtazama mgonjwa wao. Nani asafiriye na cheti cha ndoa kwenda kumzuru mgonjwa? Walitolewa nje usiku, mwanamke yule akiwa amejifunika shuka la kitanda, na watu wakimtazama.

Asubuhi tuliwaendea kuwataka radhi. Mume alitusamehe kwa ulimi wake. Mke hakusema neno, na hadi leo hatujui kama ametusamehe. Vijana wale hawakuwa na kosa kubwa kuliko letu, kwani sisi ndio tuliowapa maneno, wao wakayapa miguu.

Wanavyuoni husimulia kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), aliyesikia sauti usiku akapanda ukuta wa nyumba, akamkuta mtu na ulevi wake. Alipomkemea, mtu yule akamjibu kwamba, ikiwa yeye amemuasi Allah kwa moja, Umar amemuasi kwa matatu: amepeleleza na Allah amekataza upelelezi, ameingia kwa ukuta na Allah ameamrisha watu waingie kwa milango, na ameingia bila hodi wala salamu. Umar, na ukubwa wake, akaukubali ukweli huo. Ikiwa Umar alishindwa hoja juu ya ukuta ule, sisi ni nani?

Basi na lieleweke: hatuandiki haya ili mtu akasikilize milangoni. Mgeni aliyefunga mlango wake yu baina yake na Mola wake. Simu iliyomo mfukoni mwake haituhusu, na Surat Hujurat, aya ya 12, imetukataza kupelelezana. Neno letu ni kwa mwenye nyumba, kuhusu kile alichokitia chumbani kwa mkono wake na anachokilia fedha.

Na hapo ndipo lilipo jibu la hoja ya kwanza, kwamba mgeni ni mtu mzima na anajitakia mwenyewe. Ni kweli ni mtu mzima. Lakini mwenye nyumba naye ni mtu mzima, na ataulizwa kwa lake. Mgeni akija na chupa ya pombe mfukoni, akaingia nayo usiku pasi na wewe kujua, hilo ni lake. Ukimtandikia meza, ukamtilia gilasi, ukamwandikia hesabu, hilo ni lako na lake. Kushirikiana katika dhambi kumekatazwa, na muuzaji hawezi kusema kwamba yeye hakula.

Hoja ya pili ni kwamba, hata asipoonyeshwa na nyumba, ataona kwa simu yake. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nasi hatuikimbii. Simu imeingiza chumbani yale ambayo zamani yalihitaji mashine na waya. Lakini maana ya ukweli huo ni kwamba mwenye nyumba hana hata kisingizio cha haja. Ikiwa mgeni aweza kujitafutia, hakuna dhiki yoyote unayomwondolea. Unachofanya ni kuweka jina lako juu ya kitu ambacho kingepita bila jina lako.

Hoja ya tatu hatukuisikia kwa ndugu yetu, lakini twaisikia kwa wengi, kwamba haya ni mambo ya Wazungu na watalii, nasi tunawahudumia tu. Mwezi wa Desemba 2006, UNICEF pamoja na serikali yetu walitoa ripoti juu ya watoto wanaotumiwa kwa zinaa katika pwani ya Kenya. Ripoti ilikadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika sehemu za Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani kuwa wameingia katika balaa hilo, mara kwa mara au kila wanapobanwa na haja. Kila mtu aliisoma akawalaani wageni. Lakini ripoti hiyo hiyo ilieleza kwamba, katika wanaume waliowaendea, hakuna taifa lililokuwa na wengi kuliko Wakenya wenyewe. Huo ni msiba uliotufika sisi kwa mikono ya watu wetu, na vyumba vilivyotumika vilikuwa na wenyewe, na wenyewe walipokea fedha za chumba.

Na sheria ya nchi haikunyamaza. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 181, inaharamisha biashara ya picha na filamu za uasherati. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu zinazoonyeshwa kwa watu zipitie kwanza kwa bodi ya uainishaji. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 nayo ina adhabu nzito kwa anayepanga au kurahisisha utalii wa zinaa na watoto. Basi fundi aliyemwambia ndugu yetu kuwa jambo hili ni dogo, hakumwambia kwamba siku ya kesi fundi hatakuwapo.

Lakini katika yote haya, kinachotusumbua zaidi ni mtu ambaye fundi hakumtaja kabisa, naye ni msichana anayetandika vitanda.

Katika nyumba za wageni za mji kama wetu, wanaofagia vyumba na kubadilisha shuka ni binti zetu. Wengine tuliwasomesha juzuu za mwanzo chuoni, tukiwafundisha alifu kwa kijiti. Wamemaliza shule, karo ya kuendelea haikupatikana, wakaenda kutafuta riziki ya halali, na hakuna aibu katika kazi hiyo. Sasa tumfikirie binti huyo. Saa tatu asubuhi anabisha hodi katika chumba ambacho mwenyewe amekesha akitazama mambo hayo, naye bado yumo ndani. Macho yaliyofundishwa usiku kucha kumwona mwanamke kuwa ni kitu, ndiyo yatakayomfungulia mlango. Mwenye nyumba amelala kwake. Shilingi mia mbili zimekwisha kuingia katika kisanduku. Anayelipa salio ni yule binti.

Kwa sababu hii, tulipoonana tena na ndugu yetu, hatukumsomea kwanza aya. Tulimwuliza, "Nani atandikaye vitanda kwako?" Akasema, "Ni binti wa dada yangu, na mwenzake." Kisha akanyamaza. Tukaona kuwa jibu amekwisha kulipata mwenyewe kabla hatujafungua kitabu.

Hata hivyo hatukumwacha na katazo tupu, kwani mwenye deni hailipi saruji kwa makatazo. Tulikaa naye tukapanga machache, nayo twayaandika hapa kwa kila aliye na nyumba ya wageni au anayefikiria kujenga.

La kwanza, mashine ya mapokezi na itumike kwa habari, mpira na mawaidha, na mwenye nyumba aijue kila flashi iliyomo. La pili, ikiwa nyumba ina intaneti ya wageni, fundi anayeaminika aitie kichujio cha kuzuia kurasa chafu. Vichujio hivyo vipo, vingine havina malipo, na si kazi ya nusu saa. Havizuii kila kitu, lakini vyatosha kuonyesha mwenye nyumba yuko upande gani. La tatu, vyumba visafishwe mgeni akiwa ametoka, wasichana wawe wawili, na mlango uwe wazi kwa muda wote wa kazi. La nne, asipewe mtu chumba akiwa na mtoto asiye wake, na mwenye shaka apige simu kwa mzee wa mtaa au polisi, asinyamaze. La tano, kila chumba kiwe na alama ya kibla, mswala safi, na maji ya udhu ya kutosha. Mgeni asiyesali hayatamdhuru, na anayesali atajua amefika kwa watu.

Wazee wetu walijenga nyumba zenye daka na sabule, mgeni akapokewa kwa heshima bila ya stara ya wenye nyumba kuvunjika. Mgeni alijua mpaka wake, na mwenyeji aliujua wake. Nyumba ya leo ya vyumba vinane na namba mlangoni haikutuondolea adabu hiyo. Imetuongezea watu wa kuwafanyia adabu.

Kwa wafanyakazi wetu walio katika mahoteli ya mbali, waliotuuliza zamani kuhusu mishahara yao, twasema hivi. Mwenye kazi ya kupika, kufagia, kulinda au kupokea wageni, mshahara wake ni wa kazi yake. Lakini akiamrishwa kuuza au kufungua kilicho haramu, na akatae kwa upole, aombe apewe zamu nyingine, na atafute mlango mwingine akiwa bado ana kazi, asiwaache wanawe na njaa. Na mwenye nyumba aliyekwisha kuingiza fedha za njia hiyo, atubie, akate waya, na fedha hizo azitoe kwa maslahi ya watu, kama kuwasaidia mafakiri au kutengeneza njia, asizihesabu kuwa ni sadaka yake, kwani Allah ni mwema hapokei ila kilicho chema.

Kwa wazazi, tusome tena aya ya 32. Vijana wanachelewa kuoa si kwa kutopenda. Mahari yamepanda, na harusi za siku hizi zataka mapambo, magari na sare za mashoga. Kijana wa miaka 28 mwenye mtumbwi mmoja na nyavu za kuazima atayapata wapi? Kisha twamkuta na simu usiku, twamlaumu. Aya imeweka ndoa baina ya kuinamisha macho na kukataza chumo la zinaa. Anayeliziba lango la ndoa asistaajabu watu wakipita ukutani.

Sasa tumalize kwa ndugu yetu. Siku ya Jumatano alimrudisha fundi na mashine yake, akabakisha runinga. Alitwambia kuwa wageni wawili wa malori waliuliza, wakaambiwa hakuna, nao wakaenda kutafuta mahali pengine. Hatukumwambia kwamba Mola atamletea wanne badala yao. Ahadi ya riziki ni ya Allah, wala si yetu kuitolea siku na hesabu. Deni lake lipo pale pale, na mwenye duka la saruji hajui Surat Nur.

Lakini liko tuwezalo kulifanya sisi, majamaa wa Kipini, Ozi na vijiji vya jirani. Wakati wa maulidi, harusi na matanga, wageni wetu hutoka Lamu, Malindi na Garsen. Twawapeleka wapi kulala? Mara nyingi twatafuta penye bei ya chini zaidi, wala hatuulizi zaidi ya hapo. Kisha Ijumaa twaitikia amini khatibu anapozilaani nyumba chafu. Mtu ameikosa fedha kwa ajili ya Mola wake na kwa ajili ya binti zetu, akitupita njiani twamsifu kwa maneno, na wageni wetu twawapeleka kwa mwingine kwa sababu ya tofauti ya shilingi hamsini. Hilo ni jambo la kuona haya.

Basi kila mwenye shughuli mwezi huu na mwezi ujao, na aulize barazani kwetu, tutamwelekeza. Na kila mwenye nyumba ya wageni aliyeamua kama alivyoamua ndugu yetu, na atujulishe kwa siri au kwa dhahiri, ili tuwaelekeze watu kwake. Na yule mama wa Hola, ikiwa karatasi hii itamfikia, ajue kwamba hatujamsahau, na kwamba bado twamtaka radhi.

Ewe Mola wetu, yahifadhi macho yetu na binti zetu, zibariki nyumba zinazompokea msafiri kwa halali, wapunguzie wenye madeni madeni yao, na utusitiri duniani na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.